Transfoma ya redio ya kale ndani ya ampli mpya ya valvu: kuipima, kuielewa na kuifunga

Anayetaka kujijengea ampli ya valvu (zile taa za kioo za redio za kale) huku kwetu hukwama mahali pamoja, nako ni kwenye transfoma ya kutolea sauti, ile inayokaa kati ya valvu ya mwisho na spika. Valvu hazina shida. EL84, ya kusukuma spika, na ECC83, ya kukuza sauti mwanzoni, bado zinatengenezwa Slovakia na Urusi, ni nyepesi, na zinafika kwa posta. Transfoma ni chuma na shaba. Ukiiagiza mpya kutoka Ulaya au Marekani, gharama ya kuisafirisha peke yake inaweza kuzidi bei ya valvu zote. Wakati huohuo, redio za mbao za Philips, Grundig na Telefunken, zile zilizopokea Sauti ya Dar es Salaam miaka ya 1950, bado zimelala stoo kwa wazee na chini ya meza za mafundi, na ndani ya nyingi kati ya hizo imo transfoma nzima.

Tatizo ni kwamba wengi huanza kinyume. Wanachukua mchoro wenye transfoma ya "omu 5,000 kwa omu 8", kisha wanazunguka Kariakoo au Luthuli Avenue wakiitafuta hiyo hiyo. Mimi nashauri uanze na transfoma uliyonayo. Ipime, ijue, halafu yenyewe ikuchagulie valvu, spika na kiasi cha mkondo. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Kwanza usalama

Ndani ya ampli ya valvu mna volti 250 hadi 350 za mkondo mnyoofu (DC), ambazo mafundi wengi huziita moto mkubwa. Kapasita za kuchujia huushikilia moto huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Chukua rezista ya omu 10,000 ya wati 5, ifunge nyaya mbili zenye klipu na uzifunike vizuri. Kila unapotaka kuingiza mkono, chomoa plagi, unganisha rezista hiyo kati ya chanya ya kapasita na chesisi (bati la chuma linalobeba sakiti) kwa sekunde kumi, kisha hakikisha kwa mita kwamba volti zimeshuka hadi karibu na sifuri. Usitumie bisibisi kufanya shoti, kwa sababu cheche yake inaharibu kapasita na inaweza kukurukia machoni. Unapopima kitu kilichowashwa, mkono mmoja uwe mfukoni, vaa viatu vikavu, na pawe na mtu karibu anayejua swichi iko wapi.

Kuna redio zinazohitaji uangalifu zaidi. Ukiona valvu zenye majina yanayoanza na U, kama UCL82, UL84 au UY85, jua redio hiyo haina transfoma ya pawa ya kuitenga na umeme wa ukutani. Chesisi yake imeunganishwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa nyumba, na plagi ikigeuka chesisi nzima inakuwa na volti 230. Chukua transfoma yake ya sauti kwa amani, lakini usiunakili mfumo wake wa umeme.

Wapi pa kuitafuta

Redio ya mezani ndiyo chanzo cha kwanza. Humo utakuta valvu moja ya kutolea sauti, mara nyingi EL84, EL41, ECL82 au ECL86 kwa redio za Ulaya, na 6V6 kwa zile za asili ya Marekani. Transfoma yake ni ndogo, ya wati 3 hadi 5, na mara nyingi imefungwa kwenye spika yenyewe. Televisheni za zamani za valvu nazo zina transfoma ya sauti, kwa kawaida ikiwa imefanya kazi na PCL82, PCL86 au PL84. Radiogramu kubwa na ampli za ukumbini zinaweza kuwa na valvu mbili za kusukumana, yaani zinazopokezana kuisukuma spika, na hizo ndizo zenye transfoma nzito kweli. Vitransfoma vya redio za transista waachie wenyewe, havina chuma cha kutosha kwa kazi hii.

Chanzo kingine wengi hawakifikirii. Spika za tarumbeta za misikitini, makanisani na shuleni hutumia mfumo wa volti 100, na ndani ya kila spika, au pembeni yake, mna transfoma yenye miguu iliyoandikwa wati: 1.25, 2.5, 5, 10. Spika ikifa, transfoma mara nyingi hubaki hai. Nitarudi kwake, kwa sababu inaweza kukufanyia jambo ambalo transfoma ya redio haiwezi.

Tahadhari moja kuhusu Philips: baadhi ya redio zake za mwisho za valvu zilitumia spika za omu 800 bila transfoma ya kutolea sauti kabisa. Ukifungua ukakuta spika ina waya mwembamba sana na hakuna transfoma, hujaibiwa. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Kabla hujakata waya hata mmoja

Andika. Valvu ya kutolea sauti ni ipi, na spika ina omu ngapi. Mara nyingi imeandikwa nyuma ya sumaku, na kwa redio za Ulaya utakuta 3, 4 au 5. Chora nyaya zote za transfoma na mahali kila mmoja unapokwenda: upi unaenda anodi (ncha ya valvu inayotoa sauti iliyokuzwa), upi unaleta moto mkubwa kutoka kapasita ya kuchujia, ipi inaenda spika. Piga picha pia. Dakika chache hapa zinakuokolea jioni nzima ya kubahatisha, maana valvu na spika ya asili ni nusu ya jibu unalolitafuta.

Hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu. Upande wa praimari, yaani ule wa valvu, ukiwa na nyaya tatu, watu husema mara moja kuwa ni transfoma ya valvu mbili. Si lazima. Redio nyingi za Ulaya zenye valvu moja zina mguu wa tatu kwa ajili ya kuua mvumo. Moto mkubwa unaingia kwenye mguu huo, sehemu ndefu ya koili inaelekea anodi, na kipande kifupi kinapeleka moto kwa valvu nyingine kupitia rezista. Mkondo wa kipande kifupi unapingana na ule wa sehemu ndefu, hivyo mvumo wa umeme unafutika. Utaitambua kwa kupima: pande mbili zitatofautiana mno, mathalani omu 400 upande mmoja na omu 20 upande mwingine. Transfoma ya kusukumana huwa na nusu mbili zinazokaribiana, mathalani 190 na 215, tofauti ndogo ikitokana na kwamba nusu ya nje imezungushwa juu ya nusu ya ndani na hivyo waya wake ni mrefu kidogo. Ukitumia ile yenye kipande kifupi na huhitaji hila ya mvumo, acha ncha hiyo ikiwa imefunikwa vizuri, isiguse kitu.

Je, iko hai?

Weka mita kwenye omu. Praimari ya transfoma ndogo ya redio huonyesha omu mia mbili hadi mia sita hivi, na sekondari, upande wa spika, huwa chini ya omu moja. Namba hizi si impidansi (ukinzani dhidi ya mkondo wa sauti), kwa hiyo usizitumie kutafuta "omu 5,000". Zinakuambia tu kwamba waya haujakatika. Kisha pima kati ya praimari na sekondari, na kati ya kila koili na bati za chuma. Hapo mita isionyeshe chochote. Mita ya kawaida inapima kwa volti chache tu, kwa hiyo ukiweza kuazima mega (mita ya kupimia insuleta) ya volti 500 kwa fundi wa mota, fanya hivyo. Ikionyesha chini ya megaomu kadhaa, kuna unyevu au insuleta imechoka.

Unyevu ni adui mkubwa wa vitu vilivyokaa Tanga, Mombasa au Unguja. Transfoma iliyonyonya hewa ya chumvi ikaushe polepole: iweke ndani ya sanduku lenye balbu ya nyuzi, joto la kama nyuzi 60, usiku kucha, kisha pima tena. Ikirudi kuwa sawa, ipake vanishi ya mota. Ukikuta praimari imekatika kabisa, angalia kwanza mahali waya mwembamba unapoungana na waya wa nje, kwa sababu kutu ya kijani hupenda kuanzia hapo, na ncha inaweza kufufuliwa kwa kulehemu. Ikiwa imekatika ndani, mpelekee fundi wa kusuka mota, lakini mwambie ahesabu mizunguko na apime unene wa waya kabla hajaifumua.

Nyingi zilizokufa zilikufa kwa sababu moja. Ile kapasita ya karatasi inayopeleka sauti kwenye gridi (ncha inayopokea sauti) ya valvu ya mwisho ilianza kuvuja, gridi ikapata volti chanya, valvu ikavuta mkondo kupita kiasi, na praimari ikaungua. Unapojenga ya kwako, kapasita hiyo iwe mpya.

Kupima uwiano

Hii ndiyo hatua yenyewe. Transfoma ya sauti haina "omu 5,000" ndani yake. Ina uwiano wa mizunguko tu. Uwiano huo ukiuzidisha kwa wenyewe, kisha ukazidisha kwa omu za spika, ndipo unapata mzigo ambao valvu inauona. Ukibadilisha spika, mzigo wa valvu nao unabadilika.

Unahitaji transfoma ndogo ya volti 12 za mkondo geu (AC) na mita inayosoma volti ndogo za mkondo geu. Zile mita za bei rahisi zenye sehemu mbili tu za mkondo geu, 200 na 750, hazitakufaa hapa kwa kuwa haziwezi kusoma vizuri chini ya volti moja. Tafuta yenye sehemu ya volti 2 au 4, au inayojichagulia yenyewe.

Peleka volti 12 kwenye praimari, kati ya waya wa anodi na waya wa moto mkubwa. Pima volti kamili zilizopo hapo wakati huo, usiamini maandishi ya kwenye transfoma. Halafu pima sekondari. Usifanye kinyume kamwe: volti 6 zikiingia upande wa spika zinaweza kutoka volti 200 upande wa pili, na vidole vyako viko hapo.

Tuseme praimari ina volti 12.0 na sekondari ina 0.375. Gawanya: uwiano ni 32. Zidisha 32 kwa 32: 1,024. Kwa spika ya omu 5, valvu itaona omu 5,120. Philips waliitaka EL84 iwe na mzigo wa omu 5,200 kwa volti 250, kwa hiyo umeshajua transfoma hii ilikotoka hata kama karatasi ya redio ilipotea. Ukiiwekea spika ya gari ya omu 4, ambayo ndiyo rahisi kuipata, valvu itaona omu 4,096. Kwa spika ya omu 8 itaona 8,192.

Jaribu pia nyaya nyingine za sekondari ikiwa ni zaidi ya mbili. Baadhi zina mguu wa spika ya pili, na baadhi zina koili ndogo ya pekee kwa ajili ya fidibeki, yaani kurudisha sehemu ya sauti mwanzoni ili ampli ijisahihishe. Kwa transfoma ya kusukumana, pima uwiano wa praimari nzima, kisha pima kila nusu: kwa mkondo geu nusu mbili ziwe sawa kabisa, hata kama omu zake zilitofautiana.

Kumbuka kwamba waya wenyewe unakula sehemu ya nguvu. Praimari ya omu 400 na sekondari ya omu 0.4 zinaongeza karibu omu 800 juu ya zile 5,120, na hiyo ni kama asilimia 14 ya nguvu inayogeuka joto badala ya sauti. Kwa transfoma ndogo hilo ni jambo la kawaida.

Mwanya ndani ya chuma

Angalia bati za chuma kwa pembeni. Zile zenye umbo la E zikiwa zimepangwa zote upande mmoja, na zile nyoofu zote upande mwingine, na kati yao pana karatasi nyembamba, hiyo ina mwanya. Imetengenezwa kwa valvu moja. Mkondo mnyoofu wa valvu, tuseme miliampea 48 za EL84, unapita kwenye praimari muda wote na unaitia chuma usumaku wa kudumu. Mwanya ndio unaokizuia chuma kisishibe. Bati zikiwa zimepishanishwa, moja huku moja kule, hakuna mwanya, na transfoma hiyo ni ya kusukumana, ambako mikondo ya valvu mbili inafutana.

Usibadilishane hizi mbili. Ile isiyo na mwanya ikitumika na valvu moja, besi inakufa na sauti inakwaruza mara tu unapoongeza. Na hata yenye mwanya ilipigiwa hesabu ya mkondo fulani. Iliyotoka kwa ECL86 ya miliampea 36 usiitwishe 60.

Hapa ndipo transfoma ya tarumbeta inapopata nafasi yake. Haina mwanya, kwa hiyo ni ya valvu mbili. Kwa mfumo wa volti 100, mguu wa wati 1.25 ni omu 8,000, wa wati 2.5 ni 4,000, wa wati 5 ni 2,000, na wa wati 10 ni 1,000. Omu 2,000 ni robo ya 8,000, na robo ya impidansi ni nusu ya mizunguko. Maana yake mguu wa wati 5 uko katikati kabisa ya koili inayoishia mguu wa 1.25. Moto mkubwa uuingize kwenye mguu wa wati 5, anodi moja kwenye mguu wa pamoja, anodi nyingine kwenye mguu wa 1.25, na umepata transfoma ya kusukumana ya omu 8,000, ambayo ndiyo hasa EL84 mbili zinayoitaka. Thibitisha kwa ile volti 12 kwamba nusu ni sawa. Chagua yenye mguu wa wati 10 ikiwa unataka wati 10 kweli, na ipime kwa mega bila kukosa, kwa sababu insuleta yake ilikusudiwa volti 100 na wewe unaipelekea zaidi ya mara mbili.

Besi itafika wapi?

Jibu liko kwenye indaktansi ya praimari, yaani uwezo wa koili kuuzuia mkondo geu, na unaweza kuikadiria mezani. Acha sekondari wazi. Weka rezista ya omu 1,000 mfululizo na praimari, peleka volti 12, pima volti juu ya rezista na juu ya praimari. Ukipata 3.6 juu ya rezista, mkondo ni miliampea 3.6. Ukipata 11.4 juu ya praimari, gawanya 11.4 kwa 0.0036: omu 3,167. Gawanya tena kwa 314, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, na unapata kama henri 10. Usishangae kwamba 3.6 na 11.4 hazijumlishi 12. Volti za koili na za rezista hazifiki kileleni kwa wakati mmoja.

Kwa mzigo wa omu 5,120, henri 10 zinakupa besi mpaka karibu hezi 80 kabla haijaanza kuanguka kwa desibeli 3, na mkondo mnyoofu ukiwepo itapungua kidogo. Kwa taarabu, rumba na muziki wa dansi wa zamani ni raha tupu. Kwa besi ya muziki wa klabu za leo, tafuta transfoma kubwa zaidi au ukubali mipaka. Kuongeza besi kwa nguvu kwenye toni kunakijaza chuma, na sauti yote inachafuka.

Sasa valvu na spika

Una uwiano, una mwanya, una mkondo. EL84 moja kwa volti 250 inataka mzigo wa 5,200 na miliampea 48, ikitoa kama wati 5.7 kwenye anodi. Spika ya omu 4 kwenye mfano wetu inaupeleka mzigo hadi 4,096, na EL84 inavumilia bila tabu. Kwa spika ya omu 8, mzigo wa 8,192 ni mkubwa, kwa hiyo punguza mkondo hadi kama miliampea 36 kwa kuweka rezista ya omu 220 kwenye kathodi (ncha ya valvu inayotoa elektroni). Utapata wati pungufu, karibu 4, lakini sauti itakuwa safi. 6V6 inapenda 5,000, ECL82 inapenda 5,600 kwa volti 200, na ECL86 inapenda 7,000. Iliyotoka kwa UL84 ina mzigo wa kati ya 2,000 na 3,000 na haiifai EL84 kwa spika ya asili. Iwekee spika ya omu nyingi zaidi, na hesabu itakuambia zipi.

Usidharau wati 4. Kwenye spika nyeti, wati hizo zinajaza sebule.

Kwa stirio, tafuta transfoma mbili kutoka redio za aina moja. Uwiano ukitofautiana kwa asilimia tano hutausikia. Lakini transfoma ya pawa ya redio moja haitoshi kulisha EL84 mbili, maana kila moja na mwenzake wa mbele inahitaji karibu miliampea 55. Jenga ampli mbili zinazojitegemea, kila moja na transfoma zake.

Kuiunganisha

Sakiti yenyewe ni fupi. Sauti inaingia kupitia potenshiometa ya omu 100,000 hadi gridi ya nusu moja ya ECC83, mguu wa 2. Anodi, mguu wa 1, inapata moto kupitia rezista ya omu 220,000. Kathodi, mguu wa 3, inashuka kupitia omu 1,500 iliyofunikwa na kapasita ya mikrofaradi 47, kisha omu 100 hadi chesisi. Hiyo 100 ni ya fidibeki, tutaitumia baadaye. Nyuzi za joto za ECC83: unganisha mguu wa 4 na wa 5 pamoja, na wa 9 peke yake, volti 6.3 kati yao.

Kutoka anodi ya ECC83, kapasita ya nanofaradi 22 ya volti 630 inaenda kwenye gridi ya EL84, mguu wa 2, kupitia omu 2,200 iliyolehemiwa karibu kabisa na soketi. Upande wa kapasita wa hiyo 2,200, weka omu 470,000 kwenda chesisi. Kathodi, mguu wa 3, iwe na omu 150 ya wati 2 na kapasita ya mikrofaradi 220 ya volti 35. Nyuzi za joto ni mguu wa 4 na wa 5. Gridi ya pili, mguu wa 9, ipate moto kupitia omu 470 ya wati 1. Anodi, mguu wa 7, ndiyo inayoenda kwenye transfoma yako.

Transfoma ya pawa ya redio hiyohiyo inafaa sana. Nyingi zina swichi au vibao vya kuchagua volti. Viweke 240 au kiasi cha karibu kabisa na umeme wa kwako. Weka fyuzi, na unganisha chesisi na waya wa ardhi wa plagi. EZ80, valvu ya kugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, ikiwa bado nzima itumie, ila kapasita ya kwanza isizidi mikrofaradi 50. Ukitumia diodi 1N4007 badala yake, jua volti zitapanda: koili ya 250-0-250 inaweza kufika volti 350 kabla valvu hazijapata joto, kwa hiyo kapasita ziwe za volti 450. Kati ya kapasita ya kwanza na ya pili weka rezista ya omu 1,000 ya wati 10, na transfoma ya sauti ilishwe kutoka ya pili. ECC83 ipate moto wake kupitia omu 22,000 nyingine na kapasita ya tatu.

Mahali pa kuifunga

Transfoma ya sauti inanyonya usumaku wa transfoma ya pawa na kuugeuza mvumo, na mvumo huo hauondoki kwa kapasita yoyote. Kabla hujatoboa chesisi, washa transfoma ya pawa peke yake, unganisha hedifoni kwenye sekondari ya transfoma ya sauti, uisogeze na kuizungusha mezani. Utasikia mvumo ukipanda na kushuka. Kuna pembe ambapo karibu unatoweka, mara nyingi chuma cha moja kikiwa kimekaa digrii 90 dhidi ya kingine. Weka alama hapo na utoboe.

Kuwasha mara ya kwanza

Unganisha spika, au rezista ya omu 4 ya wati 10 badala yake. Ampli ya valvu isiwashwe na kuingiziwa sauti bila mzigo: volti kwenye praimari zinaruka juu sana na zinaweza kutoboa insuleta ambayo umeihangaikia muda wote huu. Pia usiwashe waya wa anodi ukiwa umekatika huku gridi ya pili ina moto. Mkondo wote utaingilia gridi hiyo, utaiona ikiwaka nyekundu, na valvu itaharibika.

Washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Balbu za LED hazifai kwa hili. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti. Ikipita, toa balbu, washa moja kwa moja, subiri dakika mbili valvu zipate joto, kisha pima.

Gridi ya EL84 iwe sifuri. Ikiwa na volti chanya hata moja, badilisha kapasita ya kupitishia sauti, na ikibaki hivyo badilisha valvu. Kathodi iwe karibu volti 7 hadi 8. Tuseme 7.8 juu ya omu 150: hiyo ni miliampea 52. Toa kama 5.5 za gridi ya pili, zinabaki 46.5 za anodi. Ikiwa anodi ina volti 246, toa 7.8 za kathodi, zidisha kwa 0.0465, unapata wati 11.1. EL84 inaruhusiwa 12, uko salama. Ukipita 12, ongeza rezista ya kathodi hadi omu 180 au uongeze ile ya omu 1,000 kwenye moto mkubwa. Volti za anodi zenyewe zisipite 300.

Acha iwake saa moja bila muziki. Igusie transfoma ya sauti kwa nje baada ya kuzima na kutoa umeme kwenye kapasita: vuguvugu ni sawa, joto la kuondoa mkono haraka si sawa.

Fidibeki ije mwisho

Kwanza isikilize ikiwa haina fidibeki, angalau siku kadhaa. Kisha unganisha ncha moja ya sekondari na chesisi, na kutoka ncha nyingine peleka omu 4,700 hadi pale omu 1,500 na omu 100 za kathodi ya ECC83 zinapokutana. Kwa spika ya omu 4 hiyo ni fidibeki ya desibeli 6 hadi 7. Ikipiga yowe au mlio mkubwa mara unapowasha, zima upesi na ugeuze nyaya mbili za sekondari, kwa sababu mwelekeo wake ni kinyume. Ikiwa sahihi, sauti itapungua kidogo, mvumo utapungua, na besi itakaza.

Usikimbilie desibeli 15 au 20 kama kwenye michoro ya ampli za kifahari. Transfoma ya redio haikutengenezwa kwa hilo, na juu ya masafa ya sikio itaanza kuyumba bila wewe kuisikia, ikichosha valvu na kuunguza tuita (spika ndogo ya sauti nyembamba). Kama una ossiloskopu, angalia wimbi la mraba la hezi 1,000: mikunjo miwili mitatu kwenye kona inavumilika, lakini ikiendelea kutikisika mpaka wimbi linalofuata, ongeza rezista ya fidibeki hadi omu 6,800 au 10,000. Kama huna, gusa spika ukiwa hujaingiza sauti yoyote na upime volti za mkondo geu kwenye sekondari. Zikizidi milivolti chache huku ukisikia kimya, ampli inayumba, na tiba ni ileile.

Baada ya saa kumi hivi za matumizi rudia kupima kathodi na gridi ya EL84, kwa kuwa valvu mpya hubadilika kidogo mwanzoni, na ubandike karatasi ndani ya chesisi yenye uwiano wa transfoma, spika iliyokusudiwa na volti ulizopima.